Jenerali wa Kenmore na Kilima Ambacho Hakukipanda

Ijumaa iliyopita walinikatia keki pale ofisini Buffalo. Jina langu, Zakaria, lilikuwa limekosewa herufi mbili juu ya keki, na msimamizi aliyetoa hotuba ya kuniaga alinisifu kwa uvumilivu wangu na Kiingereza changu, vitu viwili ambavyo hajawahi kuvishuhudia. Baada ya hapo ninyi mnaobaki kazini mkanizunguka mkasema, mzee, tuandikie basi jinsi ulivyofanya kazi ya kuhudumia wazee miaka yote hiyo. Naandika. Habari za kupandishwa cheo hamtazikuta humu, maana sikupandishwa.

Mimi ni Mrundi, lakini nilikulia kambini upande wa Kigoma, Tanzania, na huko ndiko nilikofanya kazi ya msaidizi wa zahanati kwa miaka kumi na minane. Nilipofika Louisville, Marekani, mwanamke wa ofisi ya ajira aliniuliza nimewahi kufanya nini. Nikamwambia zahanati, miaka kumi na minane. Akaandika: hana uzoefu. Wakanipeleka ghalani kupakia maboksi. Maboksi hayana shida, hayalii wala hayakukumbuki, lakini mgongo wangu ulianza kulalamika, ndipo jirani yetu kule mtaa wa Iroquois akaniambia makao ya wazee alikofanya kazi yalikuwa yanatafuta watu.

Jirani huyo ni Mama Esperansi, mama wa milimani Kivu Kusini, mdogo kwangu kwa miaka kumi, na ndiye mwalimu pekee niliyempata Marekani ambaye hakunionyesha video. Siku yangu ya kwanza niliingia chumba cha kwanza nikiwa na glovu na bidii nyingi, nikamvuta shuka mzee mmoja aliyekuwa amelala. Akanizaba kofi. Lilikuwa kofi zuri, la mtu aliyefanya kazi na farasi maisha yake yote. Nikatoka nje nikiwa nashika shavu, nikamkuta Mama Esperansi kwenye korido.

"Bon, muzee, ulimusalimia?"

"Nilikuwa na haraka."

"Donc weye, mutu haumujue anakuya kukuvula nguo asubui, utamuambia aksanti? Rudi inje. Piga hodi. Anza tena."

Nikarudi nje, nikapiga hodi, nikaanza tena. Mzee akaniangalia, akasema habari za asubuhi, kana kwamba yule aliyepigwa kofi alikuwa mtu mwingine.

Mama Esperansi alinifundisha kupima maji kwa kiwiko, maana kiganja cha mtu wa kazi kimekufa ganzi. Alinifundisha kuanza kuosha miguu, kamwe si kichwa. "Mutu anaogopaka na kichwa," alisema. "Miguu haina woga." Na alinifundisha mkanda. Ninyi mnaujua, ule mpana wa turubai unaomfunga mgonjwa kiunoni ili umshike akisimama. Kila mwaka namwona kijana mmoja anayemwinua mzee kwa kumvuta mikono, na kila mwaka nasikia bega la mtu likilia. Shika mkanda.

Kutoka Louisville tulihamia Columbus, kwa kuwa ndugu za mke wangu walikuwa huko na mke wangu alikuwa amechoka kuzungumza nao kwa simu. Nitawasimulia kisa kimoja tu cha Columbus. Kulikuwa na mzee aliyeacha kula. Wiki tatu. Alikuja mtaalamu wa lishe, akaja daktari wa akili, wakafanya kikao, wakakubaliana kwamba mzee ana huzuni. Wakamwandikia dawa ya huzuni. Mimi nilikuwa nawaoshea meno ya bandia yeye na mwenzake wa chumba, na siku moja nikaona kwamba mwenzake naye anatafuna kama anayeuma kokoto. Nikawabadilishia meno. Jioni hiyo wote wawili wakaomba sahani ya pili. Kwenye faili iliandikwa kwamba dawa ya huzuni imeanza kufanya kazi.

Sasa nije Buffalo, kwa sababu najua mnachotaka kusikia ni habari za Jenerali.

Binti yetu aliolewa huku, tukamfuata, tukapanga nyumba karibu na Grant Street ambako mke wangu alipata unga wa muhogo na watu wa kugombana nao kwa lugha yake. Mwaka 2014 ofisi ikanipeleka Kenmore, kitongoji cha jirani, kumhudumia mzee wa Kihindi mwenye miaka themanini na mitatu. Sheria ya kazi inakataza kutaja jina la mgonjwa, kwa hiyo nitamwita Jenerali. Hata ningetaja jina lake isingesaidia, maana alikuwa haitiki kwa jina jingine.

Aliishi na binti yake, Bi Rekha, mwalimu wa chuo, mwanamke mpole mwenye haraka. Sebule yao ilikuwa jumba la makumbusho. Nishani kwenye kabati la kioo, barua za pongezi kwenye fremu, na katikati ya ukuta picha kubwa: Jenerali akiwa bado meja, juu ya kilima cha theluji, mkono mmoja umeshika bendera, taya limetokeza mbele. Bi Rekha alinieleza siku ile ya kwanza, kabla hata sijavua koti. Katika vita vya mpakani, baba yake aliongoza kombania yake usiku kucha kwenye barafu, akaukamata mlima ambao maadui walisema haukamatiki. Watoto wa shule kwao husoma habari zake.

Nikapiga hodi chumbani. Nikasalimia. Jenerali akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, hasa viatuni, halafu akasema kwa Kiswahili:

"Wewe iko chelewa. Leta chai."

Kidogo nianguke. Kumbe baba yake alikuwa na duka Kigoma zamani za Waingereza, na yeye alikulia humo hadi alipofika miaka kumi na miwili, akapelekwa India kusoma. Kiswahili chake kilikuwa kile alichotumia kwa watumishi wa dukani: leta, toa, beba, haraka, hapana hiyo, pumbavu. Lugha nzima ilikuwa imebaki na amri peke yake. Nilimwambia kwamba mimi pia nimekulia Kigoma. Akafikiri kidogo. "Basi wewe iko jua kupika chai," akasema.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kijeshi kweli kweli. Viatu vyake vilipakwa rangi kila asubuhi, ingawa kwa siku alitembea kutoka kitandani hadi dirishani. Soksi zilikaguliwa. Supu ikichelewa dakika tano niliitwa kujieleza. Alikuwa anasahau mambo, hilo ni kweli: aliuliza mara nne kwa siku kama basi la posta limepita, na aliwahi kumpigia saluti mtu wa kusoma mita ya gesi. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo ninyi mtaikuta kwa wazee wengi. Nguo zikivuliwa, na cheo kinavuliwa. Kwenye kiti cha kuogea alikuwa mzee tu mwenye magoti membamba, na alizungumza.

Asubuhi moja nikiwa naosha miguu yake akasema, "Mimi hapana panda ile kilima."

"Kilima gani, Jenerali?"

"Ile ya picha."

Nikaendelea kusugua. Mgonjwa akianza kusema, mikono isisimame. Ikisimama naye anasimama. Akanisimulia kwa siku kadhaa, vipande vipande, kwa Kiswahili chake cha dukani, kwa sababu ndani ya nyumba ile hakuna mwingine aliyekielewa. Siku tatu kabla ya shambulio tumbo lilimharibika. Akawa hatoki hemani, na akitoka, haendi mbali. Usiku wa shambulio kombania ilipanda na sajini wake. Yeye, chini hemani, alisikia milio, akaogopa, akaamuru kwa redio warudi. Sajini akazima redio. Walipanda watu arobaini, wakarudi ishirini na sita, na sajini aliacha mguu mmoja kule juu. Asubuhi Jenerali alipandishwa kilimani akiwa amebebwa mgongoni na mpishi, akasimamishwa kwa ajili ya picha. Ile bendera hakuwa ameishika. Ilikuwa imemshika yeye. Kisha akaandika ripoti kwamba aliongoza mwenyewe, na kutoka ripoti hiyo vikaja nishani, cheo, kikosi, jeshi zima, na vitabu vya watoto wa shule.

"Kiswahili ya kuomba... mtu amefanya mbaya, anaomba... iko nini?" akaniuliza siku ya mwisho ya kisa hicho.

"Samahani. Au naomba radhi."

Akalirudia neno hilo mara mbili. "Sisi hapana tumia hiyo dukani," akasema.

Mwaka uliofuata jumuiya ya Wahindi wa mji ikaamua kumwandalia Jenerali sherehe. Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mnene mwenye nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu, alikuja mara tatu sebuleni kupigwa picha kando ya ile picha ya ukutani. Jenerali alifurahi kuliko nilivyotarajia. Akataka suti ipigwe pasi wiki mbili kabla. Kisha akamwambia binti yake, kwa Kiingereza safi, kwamba atatumia siku hiyo kusema ukweli kuhusu kilima.

Bi Rekha alisikiliza hadi mwisho. Akambusu kwenye paji la uso, akanivuta jikoni.

"Baba anachanganya mambo sasa," akasema. "Jumamosi, kabla hatujaondoka, mpe kile kidonge cha kumtuliza."

"Bi Rekha, daktari ameandika kidonge kile apewe akiwa na fujo. Hana fujo."

"Atakuwa nayo akipewa kipaza sauti."

"Jana alinitajia majina ya askari wake kumi na saba kwa kufuata mahema yao. Mimi majina ya wajukuu wangu huwa narudia mara mbili."

"Zakaria, wewe ni daktari?"

"Hapana. Ndiyo maana siwezi kumpa."

Macho yake yakajaa machozi, nami sikujisikia vizuri. Huyu si mwanamke mbaya. Alikuwa amelelewa chini ya picha ile kama wengine wanavyolelewa chini ya paa, na mimi, mtu wa kuosha miguu, nilikuwa namwambia paa linavuja. Alipiga simu ofisini akaomba mtu mwingine. Msimamizi, yuleyule wa keki, akanipigia akanikemea kwa kukosa moyo wa ushirikiano. Akaniambia nijiandae kuondolewa. Nikamwuliza nani atakwenda Kenmore siku ya Jumamosi. Nikasikia anafunuafunua karatasi. "Basi nenda wewe," akasema, "lakini ujirekebishe."

Nikaenda. Nilimfunga Jenerali mkanda kiunoni, juu yake koti lenye nishani, na ukumbini nikakaa nyuma ya kiti chake kwenye jukwaa. Watu walikuwa wengi, wake kwa waume, wamependeza. Mwenyekiti alihutubia karibu saa nzima. Katika hotuba yake maadui waliongezeka kila alipokunywa maji. Hatimaye akampa Jenerali kipaza sauti, nami nikapitisha mkono chini ya koti nikashika mkanda, tukasimama pamoja.

Alizungumza vizuri. Alisema hakukipanda kilima. Alisema aliharisha siku tatu, alitoa amri ya kurudi nyuma, sajini wake akazima redio na kupanda. Alitaja watu kumi na wanne ambao hawakurudi, mmoja mmoja kwa jina na kijiji. Alisema sajini alipoteza mguu na yeye akapata nishani, na kwamba ripoti ile ilikuwa uongo wake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Niliona Bi Rekha kwenye meza ya mbele ameziba mdomo kwa mkono.

Ndipo mwenyekiti akainuka akiwa analia. "Mmeona?" akapaza sauti. "Mmeona ukuu? Hadi leo sifa zote anawapa askari wake!"

Watu wote wakasimama. Makofi yale sijawahi kuyasikia, hata kanisani siku tuliyopata paa jipya.

"Hapana!" Jenerali akasema kwenye kipaza sauti. "Nawaambia nilikuwa chooni!"

Wakacheka kwa mapenzi makubwa, wakapiga makofi zaidi. Bwana mmoja karibu na jukwaa alimwambia mkewe kwamba watu wanyenyekevu namna hii hawazaliwi tena. Bi Rekha naye alikuwa amesimama, anapiga makofi pamoja na wengine, uso umelowa. Jenerali akaegemea mkanda kwa uzito wake wote. Akageuza kichwa.

"Toa mimi hapa," akaniambia.

Tukaingia garini, Bi Rekha akaendesha hadi karibu na Kenmore. Ndipo Jenerali, bila kugeuka, akamwambia binti yake, "Hata wewe ulipiga makofi."

Bi Rekha akaingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akazima injini. Akanitazama kwenye kioo. "Ni kweli?" akaniuliza.

"Mwulize yeye," nikasema.

Akamgeukia baba yake, akamwuliza. Na pale, katikati ya harufu ya petroli, Jenerali akasimulia kwa mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza mtu wa damu yake akamsikia. Bi Rekha hakumbusu paji la uso safari hii. Aliuliza maswali. Sajini anaitwa nani. Wa kijiji gani. Yu hai? Jenerali hakujua. Miaka hamsini hakuwahi kuuliza, alisema, kwa kuogopa kujibiwa.

Bi Rekha ana binamu katika wilaya ile. Baada ya mwezi simu ikaja: sajini yu hai, kijijini kwake, anatembelea mguu wa bandia na kugombana na majirani kuhusu maji ya shamba. Jenerali akamwamuru binti yake aandike barua kwa lugha yao. Ilichukua siku nne. Mimi niliipeleka posta, na Jenerali akanikagua kwanza kama vifungo vya koti langu vimefungwa.

Jibu lilikaa sana. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka barua ilipofika. Bi Rekha aliifungua sebuleni, chini ya ile picha, akaisoma kwa sauti kwa lugha yao, kisha akanitafsiria mimi kwa Kiingereza. Nakumbuka karibu kila neno.

Sajini aliandika: Bwana Mkubwa, nimesomewa barua yako, nimefurahi kusikia u hai. Sasa nakuomba unyamaze. Uliniamuru nirudi, nikazima redio. Wakati ule kosa hilo lilikuwa la kufungwa, na labda la kupigwa risasi. Ulipoandika kwamba uliongoza wewe, ulifanya hivyo kwa woga, lakini woga wako ulinificha mimi. Hapa kijijini mimi ni askari aliyetii hadi akapoteza mguu. Wajukuu wangu wawili wako jeshini. Ukisema ukweli, wewe utaitwa mnyenyekevu, na mimi nitaitwa mwasi. Unataka msamaha. Utaupata ukinyamaza. Na kuhusu tumbo lako, hukuwa na haja ya kutueleza. Hema lako lilikuwa upande ule upepo unakotokea.

Bi Rekha alishindwa kuimaliza kwa kicheko. Jenerali naye alicheka hadi nikamshika asiteleze kitini. Kisha kicheko kikakatika. Akaichukua barua ile mkononi, akaitazama muda mrefu.

"Hata kutubu, mimi hapana ruhusa," akaniambia kwa Kiswahili.

Nilimwuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo. Nilipoileta nilikuta ameketi wima, visigino vimebanwa pamoja, mkono uko kwenye paji la uso, anaipigia saluti karatasi iliyokuwa mezani.

Tangu siku hiyo hakukitaja kilima. Mwenyekiti alileta watoto wa jumuiya wamsikilize shujaa, wakakaa kwenye zulia na madaftari yao. Jenerali akawaambia, "Kulikuwa na baridi sana." Wakasubiri. Hakuongeza kitu. Waliandika hilo. Mimi peke yangu niliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vinakamata mkono wa kiti. Miaka yote alikuwa ametoa amri. Hii ilikuwa moja aliyopewa na mtu wa chini yake, na ilikuwa inamuuma kila siku, na aliitii.

Alifariki mwanzoni mwa 2016, asubuhi, kabla ya kuoga. Nilimwosha hata hivyo, pamoja na Bi Rekha, tukaanza na miguu.

Siku ya maombolezo ukumbi ulijaa kuliko siku ya sherehe. Mwenyekiti alihutubia tena. Safari hii Jenerali alipanda kilima akiwa mgonjwa mahututi, amekataa kubebwa, tena bila viatu. Watu walilia. Mimi nilikaa nyuma karibu na birika za chai, na mwandishi mmoja wa gazeti la jumuiya, mwenye daftari, akanijia. Alikuwa ameambiwa kwamba nilimhudumia marehemu hadi mwisho.

"Labda aliwahi kukuambia mwenyewe," akasema. "Ni kweli siku ile alipanda akiwa mgonjwa?"

Bi Rekha alikuwa hatua mbili kutoka kwetu anamimina chai. Mkono wake ukasimama.

"Kwamba alikuwa mgonjwa," nikamwambia, "hilo naweza kuapa."

Mwandishi akaandika. Bi Rekha akainama juu ya birika, mabega yanatikisika, na kina mama wawili wakakimbia kumshika wakidhani analia.